Jenga Poromoko Kabla ya Bwawa

Somo la vikundi: jinsi ya kupitisha maji ya mvua kubwa bila kuvunjikiwa na ukuta



Vikundi vingi hapa Sotik vina bwawa, au vinachanga pesa za kuchimba bwawa. Wengine wanataka maji ya ng'ombe wa maziwa. Wengine wanataka kunyunyizia miche ya chai na sukuma wiki wakati wa kiangazi. Wengine wanafuga samaki katika vidimbwi vilivyochimbwa tangu ule mpango wa serikali wa 2009. Hii yote ni kazi nzuri, na tunawapongeza.

Lakini tukitembelea vikundi hivi, swali tunaloulizwa ni moja tu: "Tuinue ukuta kiasi gani ndio tupate maji mengi?" Ni mara chache sana mtu hutuuliza: "Bwawa likijaa, maji yatapitia wapi? Na yatakapoanguka, yataangukia juu ya nini?"

Somo la leo ni juu ya swali hilo la pili. Tunaomba mlisome pamoja kwenye mkutano, polepole, halafu mwende mkalitazame bwawa lenu.

KOSA LETU WENYEWE

Tuanze kwa kukiri. Kuna kikundi kimoja, cha akina mama wengi na wazee wachache, katika bonde dogo ambalo maji yake huteremka hadi mto Kipsonoi. Walikuwa na bwawa lenye ukuta wa udongo wa mita 2. Kandokando ya ukuta kulikuwa na mtaro wa upana wa mita 1, wa kupitisha maji ya ziada. Mtaro ule ulimwaga maji kwenye ukingo wa udongo mtupu, nayo yakaanguka chini mpaka kijitoni. Wakati wa mvua lilikuwa poromoko la kupendeza. Watoto walikuwa wakienda kulitazama.

Mwaka wa 2017 kulikuwa na ukame. Wanachama wakatuomba ushauri, nasi tukawaambia wainue ukuta kwa nusu mita. Wakauinua, na mtaro pia wakauinua. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema juu ya kuupanua mtaro, wala juu ya pale maji yalipokuwa yanaangukia. Halafu mtu akaweka wavu wa waya kwenye mtaro, ili samaki wasitoroke. Tuliuona wavu huo. Tulinyamaza.

Mvua ya masika ya 2018 ilikuwa kubwa, mnakumbuka. Usiku mmoja wa mwisho wa Aprili ilinyesha pamoja na mawe. Majani ya chai na ya miti yakang'olewa, yakateremka na maji, yakaziba ule wavu. Huku chini, poromoko lilikuwa limechimba shimo kwa wiki kadhaa, na ukingo ulikuwa ukimeguka kidogo kidogo kurudi nyuma kuelekea bwawani. Kabla ya alfajiri ukingo ukaisha, na kona ya ukuta ikaenda nao. Bwawa likatoka lote. Samaki walikwenda, shamba la mboga lilikwenda, na ndama wa jirani alikwenda. Mtu hakufa. Nyumba ya karibu ilikuwa upande wa juu kidogo, ndiyo sababu.

Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel kule Solai, Kaunti ya Nakuru, lilivunjika na kuwaua watu wasiopungua 47. Tuliposikia habari kwenye redio tulikaa kimya ofisini. Bwawa letu lilikuwa dogo, lakini tulielewa kwamba tofauti yetu na msiba haikuwa ujuzi wetu. Ilikuwa mahali nyumba ile ilipokaa.

NENO LA KUTAFAKARI

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, ili asije akaletea nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Angalieni: agizo halingoji mtu aanguke. Anayejenga anaambiwa afikirie mapema jirani ambaye bado hajafika. Bwawa ni hivyo hivyo. Njia ya mafuriko si pambo, wala si kazi ya "tukipata pesa nyingine". Ni ukingo wa dari kwa ajili ya watu wanaoishi chini yetu.

MAJI HUVUNJA VIPI?

Watu wengi hudhani maji husukuma ukuta mpaka ukaanguka. Ukuta mnene wa udongo ulioshindiliwa vizuri hausukumwi kirahisi. Mabwawa madogo huvunjika zaidi kwa njia hizi tatu:

Kwanza, maji hupita juu ya ukuta. Udongo ukipitiwa juu na maji ya kasi huoshwa, na mfereji mdogo huwa mkubwa kwa muda wa saa moja au chini ya hapo.

Pili, maji hupita ndani au chini ya ukuta. Huanza kama jasho, halafu hubeba udongo, halafu huwa shimo.

Tatu, maji huchimba pale yanapoanguka. Hii ndiyo iliyotushinda sisi. Maji yanayoanguka mita 2 juu ya udongo huchimba shimo. Shimo hula mguu wa ukingo. Ukingo ukikosa mguu huanguka, na poromoko hurudi nyuma hatua moja. Kesho tena hatua moja. Linatembea kuelekea bwawani, na likifika, bwawa limekwisha.

Hebu fikirini maporomoko ya Tenwek kwenye mto Nyangores, yale yanayotoa umeme wa hospitali. Maji yanaanguka pale mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, na poromoko liko palepale. Kwa nini? Kwa sababu yanaanguka juu ya mwamba. Ndugu zetu wa Ukambani wanaojenga mabwawa ya mchanga wanajua siri hiyo. Ukuta wao hupitiwa na maji juu kila mvua, kwa hivyo huutia msingi juu ya mwamba, na chini yake hupanga mawe ya kupokea maji. Pale ambapo Mungu hakutuwekea mwamba, ni lazima tuujenge.

Kule pwani watu wana hofu ya kimbunga. Zanzibar ilipigwa vibaya mwaka wa 1872, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Vijana wetu walioenda Diani kufanya ufundi wanajenga maporomoko ya mapambo kando ya vidimbwi vya kuogelea vya hoteli. Huko adui mwingine ni chumvi, inayokula chuma ndani ya zege. Huku kwetu hakuna kimbunga wala chumvi, lakini Kericho na Nandi ni kati ya sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe siku nyingi zaidi kwa mwaka. Kila mahali swali ni lile lile: siku ya mvua kubwa kuliko zote, maji yatapita wapi?

HATUA YA 1: PIMENI MAJI YATAKAYOKUJA

Msikisie. Tembeeni juu ya bwawa mpaka kwenye mgongo wa kilima pande zote, mkaone ni eka ngapi zinazoleta maji kwenu. Msisahau barabara. Mtaro wa barabara unaweza kuleta maji ya kilima kingine.

Sasa tufanye hesabu ya bonde lile la kikundi chetu, lenye eka 20:

- Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eka moja inaleta karibu lita 200,000. Hizo ni dramu 1,000 za lita 200.
- Eka 20 ni dramu 20,000.
- Tuseme nusu inaingia ardhini na nusu inateremka. Zinabaki dramu 10,000.
- Mvua hiyo ikinyesha kwa saa moja, ni karibu dramu 3 kila sekunde, yaani lita 600.

Njia ya mawe yenye upana wa mita 1, maji yakipita kwa kina cha sentimita 30, inapitisha karibu lita 250 kwa sekunde. Kwa hivyo lita 600 zinahitaji upana wa karibu mita 2 na nusu. Lakini mvua hainyeshi sawasawa saa nzima. Huja kwa kishindo robo saa, halafu hupungua. Kwa hivyo tunazidisha mara mbili: mita 5.

Mtaro wao ulikuwa na mita 1, tena wenye wavu. Mnaona? Hakukuwa na muujiza wowote usiku ule. Ilikuwa hesabu.

HATUA YA 2: CHAGUENI MAHALI PA KUPITISHA

Njia ya mafuriko isipite juu ya ukuta wenu wa udongo. Ikae ubavuni, kwenye ardhi ya asili ambayo haijachimbwa wala kujazwa. Ardhi hiyo imeshindiliwa na Mungu kabla ya babu zetu, na jembe letu haliwezi kuifikia kwa uimara.

Kama ardhi ya ubavuni inateremka polepole, mnaweza kutengeneza njia pana yenye sakafu ya tambarare, mkaipanda nyasi zinazotambaa na kushika ardhi, kama zile za Kikuyu grasi. Nyasi zikishika vizuri hakuna haja ya simiti. Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na tungependa muifikirie kwanza.

Kama ardhi inaanguka ghafula, hapo ndipo mnahitaji poromoko la ngazi za mawe.

Kizingiti, yaani pale maji yanapoanza kutoka, kiwe chini ya kilele cha ukuta kwa mita 1. Maji ya mafuriko yakipanda sentimita 30 juu ya kizingiti, bado mtabaki na sentimita 70 za usalama. Pimeni kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Msipime kwa macho. Jicho linadanganya sana kwenye mteremko.

HATUA YA 3: JENGENI NGAZI

Maji yakianguka mita 2 kwa mara moja yana nguvu ya nyundo. Yakianguka sentimita 40 mara tano, kila ngazi inayapunguzia nguvu kidogo. Ni kama mzee anayeshuka kilima kwa ngazi badala ya kuruka.

1. Chimbeni mteremko kwa umbo la ngazi kwenye udongo mgumu. Kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 40 na urefu wa mita 1. Udongo laini uondoeni. Msijazie mahali palipozidi kuchimbwa kwa udongo uliolegea. Jazieni mawe na simiti.

2. Chimbeni mitaro mitatu inayokata njia kwa upana wote: mmoja chini ya kizingiti, mmoja katikati, na mmoja mwisho kabisa. Kila mmoja uwe na kina cha sentimita 60 au zaidi. Jazeni mawe na simiti. Hayo ni meno ya poromoko. Jino la juu linazuia maji yasipenye chini ya sakafu. Jino la mwisho linazuia shimo lisirudi nyuma. Fundi akiwaambia meno si lazima, mtafuteni fundi mwingine.

3. Pangeni mawe makubwa na magumu, unene wa sentimita 30. Jiwe linalomeguka ukilipiga nyundo lisitumike. Changanyeni simiti sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe safi. Utieni kwenye chupa ya maji mtikise. Ukiacha tope jingi juu, uosheni kwanza. Kila jiwe likae ndani ya simiti. Lisikae juu ya jiwe lenzake hivi hivi na simiti ikapakwa nje kama siagi juu ya mkate.

4. Jengeni kuta mbili za kando, kimo cha sentimita 60 juu ya sakafu, kufuata ngazi mpaka chini. Hizi zinazuia maji yasitoke njiani na kuchimba ubavu. Nyuma ya kuta wekeni kokoto, na kwenye ukuta acheni vitundu vya kupitishia maji, kila baada ya mita 1 na nusu. Mnaweza kutumia vipande vya mfereji wa plastiki. Udongo ulioloa nyuma ya ukuta ukikosa pa kutolea maji utausukuma mpaka upasuke.

5. Chini ya ngazi ya mwisho jengeni beseni la mawe la kutuliza maji: upana ule ule wa njia, urefu wa mita 2 na nusu, na kina cha sentimita 30. Ukingo wake wa mwisho uinuke kidogo ili maji yabaki ndani. Maji yanayoanguka ndani ya maji huumia yenyewe badala ya kuumiza ardhi.

6. Baada ya beseni tandazeni kokoto, na juu yake mawe makubwa yasiyo na simiti, kwa mita 3 hivi. Kokoto ni muhimu. Bila kokoto maji hufyonza udongo katikati ya mawe, na mawe huzama.

7. Funikeni kazi kwa magunia na majani, na muimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Simiti haikauki kama nguo. Inakomaa, na ili ikomae inataka maji. Vikundi vingi hununua simiti kwa jasho, halafu huiua kwa jua.

Gharama? Kila mita ya ujazo ya kazi ya mawe hula mifuko 3 hadi 4 ya simiti ya kilo 50. Poromoko la upana wa mita 5 kama tulivyolieleza ni karibu mita 20 za ujazo, yaani mifuko 60 hadi 80. Tunajua ni pesa nyingi kwa kikundi. Mawe, mchanga na mikono mnaweza kutoa wenyewe. Kama hamwezi mifuko hiyo, msipunguze upana wa njia. Pungueni bwawa. Ukuta mfupi una poromoko fupi, ngazi chache na hatari ndogo.

Kama ardhi yenu inatitia, waulizeni maofisa wa maji au wa kilimo juu ya gabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe. Gabioni hujipinda bila kupasuka, lakini nayo inataka kokoto chini, na mawe yawe makubwa kuliko matundu ya waya.

HATUA YA 4: NDIPO SASA UKUTA

Tumeuweka ukuta mwisho kwa makusudi. Jengeni poromoko kwanza, wakati wa kiangazi, Januari na Februari. Mvua ikija mapema itakuta njia iko tayari. Kikundi kinachoanza na ukuta huishiwa na pesa kabla ya njia, na mvua haisubiri harambee ya pili.

- Ondoeni nyasi, mizizi na udongo mweusi pale ukuta utakapokaa.
- Chimbeni mtaro katikati, urefu wote wa ukuta, mpaka kwenye udongo mgumu. Ujazeni udongo wa mfinyanzi na muushindilie. Huo ndio moyo wa ukuta.
- Tandazeni udongo kwa tabaka za sentimita 15, uwe na unyevu kiasi cha kushikamana ukifinyangwa mkononi. Shindilieni kila tabaka kabla ya kuongeza lingine.
- Upande wa maji ulale: kwa kila mita 1 ya kimo, mita 3 za ulalo. Upande wa nje, mita 2.
- Ongezeni kimo kidogo juu ya hesabu, kwa sababu udongo utashuka.
- Pandeni nyasi. Msipande miti juu ya ukuta, hata mparachichi. Mizizi ikioza huacha mfereji ndani.
- Epukeni kupitisha paipu ndani ya ukuta. Maji hupenda kutambaa kando ya paipu.

KUTUNZA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bwawa, usipoziba ufa hata huo ukuta wa kujenga hutaupata.

Chagueni watu wawili, si mmoja, wa kulitazama bwawa kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Watembee mpaka chini ya beseni. Mtu akisimama juu na kusema "kuko sawa", hajaona kitu.

Msiweke wavu kwenye njia ya mafuriko. Tunalirudia hili kwa sababu lilitugharimu. Kama mnaogopa samaki watatoroka, fugeni kwenye kidimbwi kidogo cha pembeni. Ni afadhali kupoteza samaki kumi kuliko kupoteza bwawa lote na samaki wote. Magogo, matawi na majani yaondolewe kabla ya Machi na kabla ya mvua za Oktoba. Mnakumbuka Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024? Maji yalikusanyika nyuma ya njia iliyozibwa na takataka chini ya tuta la reli, tuta likashindwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Pale hapakuwa hata na bwawa. Njia iliyozibwa ndiyo iliyotengeneza bwawa.

Mkiona maji safi yanatoka kidogo chini ya ukuta, wekeni alama kwa kijiti na mtazame kila siku. Mkiona maji yenye tope yanatoka, hiyo ni hatari ya leo, si ya kesho. Tope hilo ni ukuta wenu unaondoka. Waambieni watu wa chini watoke mara moja, hata kama ni usiku, kisha mwiteni chifu na watu wa maji. Mtu asisimame juu ya ukuta kujaribu kuziba.

Na watoto. Poromoko linawavuta watoto, na mawe yake yanateleza. Zungusheni ua wa miiba au wa waya, na muelezane nyumbani.

SHERIA NA MAJIRANI

Kuzuia mto au kijito kunataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Msikione kibali kama usumbufu tu. Kinaleta mtu wa kutazama kazi yenu. Ingieni pia kwenye chama cha watumiaji maji cha mto wenu. Kama ukuta utazidi mita 3, au kama kuna nyumba, shule au njia ya watu upande wa chini, msijenge bila mhandisi. Hata sisi tunaoandika somo hili tusiaminiwe peke yetu. Tumekwisha kuwaambia tulivyokosea.

Na kabla ya jembe la kwanza, iteni kokwet. Watu wa chini wawepo. Waonyesheni maji yatapita wapi. Wao ndio wanaobeba hatari ya bwawa ambalo nyinyi mnafaidi. Wana haki ya kuuliza maswali, na ya kupata majibu.

MWISHO WA HADITHI

Kile kikundi kilijenga upya Januari na Februari 2019. Walikataa kuinua ukuta. Waliurudisha kwenye mita 2 za kwanza, na pesa zote wakaziweka kwenye njia ya mita 5 na ngazi tano. Mzee mmoja alinung'unika kwamba wanajenga ngazi za kanisa kwa ajili ya maji ya matope. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuja kubwa sana, na zile za 2024 zikaja. Maji yalishuka ngazi moja moja, yakatulia kwenye beseni, yakaenda zake Kipsonoi. Asubuhi moja ya 2024 mama mwekahazina alitupigia simu. Tulishtuka, tukidhani limevunjika tena. Alitaka tu kutuambia kwamba alilala usingizi usiku kucha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Bwawa letu linapokea maji ya eka ngapi? Nani atapima?
2. Njia ya mafuriko ina upana gani leo? Kwa hesabu ya Hatua ya 1, inatosha?
3. Maji yetu yanaangukia juu ya nini: udongo, nyasi au mawe? Kuna shimo? Limeongezeka tangu mwaka jana?
4. Nani anaishi upande wa chini? Tuna namba zao za simu? Nani atawaamsha usiku?
5. Kama tuna pesa za kazi moja tu mwaka huu, tuongeze maji au tuongeze usalama? Kila mmoja aseme, kuanzia mdogo.

Baada ya majadiliano, nendeni wote bwawani, na msiishie juu. Shukeni mpaka pale maji yanapoanguka. Huko ndiko mtaujua ukweli wa bwawa lenu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na awalinde wanaolala chini yake.